Nakimbia taratibu, mbona nakata moto mlimani?

*"Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, mwanamke wa miaka 36, na huu ni mwaka wa nne nakimbia na klabu ya jogingi. Barabarani sina shida, kilomita 21 nilimaliza kwa saa 1 na dakika 55. Shida yangu ni mlima. Mwaka jana mwezi wa nane tulialikwa kwenye mbio za kirafiki kwenye vilima vya Kalinzi na Matyazo, kilomita 24, kupanda kwa jumla mita 1,200. Nilijizuia kweli kweli. Kilomita 8 za kwanza zina mpando wa mita 400, nikazimaliza kwa dakika 62, yaani karibu dakika 8 kwa kilomita, mwendo ambao barabarani hata wazee wa klabu wananipita. Maji nilikunywa kila kituo. Kufika kilomita ya 13, kwenye mteremko mrefu, mapaja yakaanza kutetemeka, nikatapika, nikajikokota hadi mwisho. Saa 4 na dakika 55. Kesho yake nilishindwa kushuka ngazi, na mkojo ulikuwa kama chai ya rangi, nikajua ni upungufu wa maji. Mwaka huu nataka kurudi. Wenzangu wananiambia nisitembee hata hatua moja kwenye mpando, maana kutembea ndiko kulikonimaliza. Nitoke kwa kasi mwanzoni nijiwekee akiba ya muda, kama alivyokuwa akikimbia Filbert Bayi. Na asubuhi ya mbio nimeze diklofenaki ili mapaja yasiume. Nifuate lipi?"*

Marahaba, mwalimu. Kabla sijagusa ushauri wa wenzako, nirudi kwenye maneno uliyoyapitisha mbio mbio kana kwamba ni jambo dogo: mkojo kama chai ya rangi. Umejiuliza, umejijibu, ukasonga mbele. Huenda kweli ulikuwa upungufu wa maji. Lakini mtu aliyekunywa kila kituo, aliyeamka mapaja yamekaza hadi ngazi zimemshinda, halafu akakojoa rangi ya chai, mimi simpi jibu hilo haraka. Msuli ukipigwa kupita uwezo wake, nyuzi zake huvunjika na kumwaga vilivyomo ndani kwenye damu, ikiwemo protini ya rangi nyekundu inayoitwa mayoglobini. Figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuichuja, na ikiwa nyingi inaweza kuziumiza vibaya. Siku ile ilikuwa siku ya kwenda hospitali, si ya kunywa maji na kulala.

Kwa kuwa miezi imepita na bado unakimbia, sikutishi. Nakuomba tu, kabla hujaanza mazoezi ya vilima, pita Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, au kituo chochote chenye maabara ya uhakika, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Pimwa mkojo, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja), presha na wingi wa damu. Huo wa mwisho wanawake wengi wanaokimbia huudharau, kisha wanalaumu mlima kwa pumzi fupi iliyoletwa na upungufu wa damu. Uliza pia kuhusu kipimo cha kinasaba cha selimundu, yaani sikoseli. Nchini kwetu wako wengi waliokibeba bila kujua, wala hawaumwi, lakini kazi kali ya ghafla inaweza kuwavunja misuli kwa urahisi kuliko wengine, na mtu wa namna hiyo ana sababu ya ziada ya kuanza mbio polepole.

Na hapo hapo tumalizane na diklofenaki: hapana. Unapokimbia kwa saa nne huku unatoka jasho, damu nyingi inakwenda kwenye misuli na kwenye ngozi, na figo zinabaki na kidogo. Kuna kemikali za mwili zinazoweka mishipa ya figo wazi wakati huo wa shida, na diklofenaki na ndugu zake wote, ibuprofeni ikiwemo, hufanya kazi kwa kuzizuia kemikali hizo hizo. Ukiongeza misuli iliyovunjika juu yake, umeziwekea figo mitego mitatu kwa siku moja. Tena dawa haizuii msuli kuumia, inakuzuia wewe usisikie tu. Aliyekupa ushauri huo hana nia mbaya, nimewasikia wengi wakiusema pale uwanjani wakati wa kunyoosha viungo, lakini ni ushauri wa kuukataa palepale.

Sasa mbio zenyewe. Unasema ulijizuia, na naamini ulidhani hivyo. Chukua chaki basi. Wakimbiaji wa milimani wana kanuni yao nyepesi: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama kilomita 1 ya tambarare iliyoongezeka. Si sheria ya fizikia, ni makadirio ya mkono, lakini yanatosha kukuonyesha kilichotokea. Kilomita 8 zenye mpando wa mita 400 zinakuwa sawa na kilomita 12. Gawa dakika 62 kwa 12, unapata dakika 5 na sekunde 10 hivi kwa kilomita. Kwenye kilomita zako 21 za barabarani, zile za saa 1 na dakika 55, ulikwenda kwa dakika 5 na sekunde 27. Umeona? Saa ya mkononi ilikuambia dakika 8, ukajiona unatembea na wazee. Moyo na misuli vilikuwa kwenye mashindano ya kilomita 10, na mbele bado kulikuwa na kilomita 16 na mpando wa mita 800.

Endelea na hesabu. Hizo zilizobaki ni sawa na kilomita 24 za tambarare, ukazimaliza kwa dakika 233, karibu dakika 9 na sekunde 42 kila moja. Theluthi ya kwanza umekimbia kama unafukuzwa, theluthi mbili zilizobaki umekwenda kama unasindikiza mgeni. Kama mbio zote ungekwenda kwa bei moja, tuseme dakika 6 na sekunde 50 kwa kila kilomita ya hesabu hii, ungetumia saa 4 na dakika 6. Tuseme saa 4 na robo, maana njia ya kichaka ina mawe na vumbi na wachungaji wanaovusha ng'ombe. Bado ni dakika 40 ulizoziacha kule juu. Usiusingizie mwinuko pia. Kalinzi iko juu kuliko ziwa, ambalo lenyewe liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, lakini kwa vimo vile hewa haijapungua kiasi cha kumwangusha mtu anayeishi Kigoma.

Kwa nini mpando unakula hivyo? Kwenye tambarare kila hatua inakurudishia kidogo. Kano za mguu zinavutika kama mpira wa manati na kukusukuma mbele. Kwenye mpando huo mkopo haurudi, kwa sababu kila hatua unanyanyua kilo zako zote na kuziacha juu. Njia inayopanda mita 10 kwa kila mita 100 inakutoza zaidi ya mara moja na nusu ya gharama ya tambarare. Ikipanda mita 20 kwa mita 100, kama ile inayoelekea kwenye migomba ambayo unagusa udongo ukiinama, inakutoza mara mbili na nusu hivi. Ukitaka kushika dakika zile zile za barabarani, unaudai mwili wako nguvu ambayo haina.

Haina kwa maana gani? Mwili una kuni za aina mbili. Mafuta ni gogo: hata mtu mwembamba analo la kuwaka siku kadhaa, ila linawaka polepole na linahitaji hewa ya kutosha. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, glaikojeni, ni mabua: yanashika haraka na moto wake ni mkali, lakini mtu mzima anayo gramu 400 hadi 500 tu. Ukikimbia kwa pumzi tulivu, unaunguza gogo huku unachomeka bua moja moja. Ukianza kutweta, gogo haliwezi kukupa moto wa haraka unaoutaka, mwili unavamia mabua. Kwa hiyo dakika ya kutweta mwanzoni na dakika ya kutweta mwishoni hazina bei moja. Ya mwanzoni inaunguza mabua ya mpando wa kilomita ya 18.

Ndiyo maana hiyo "akiba ya muda" wenzako wanayoisema si akiba. Ni mkopo wa kausha damu. Unachukua dakika 20 asubuhi, unarudisha saa nzima mchana.

Kuhusu Bayi, nampenda kama Mtanzania yeyote wa rika langu, na sipendi jina lake litumike vibaya. Ni kweli, Christchurch mwaka 1974 alishika mbele tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32. Zilikuwa mita 1,500! Mbio zinazokwisha kabla maji ya chai hayajachemka zina kanuni zake, na mabua ya mtu hayawezi kwisha kwa muda huo. Ukitafuta Mtanzania wa kumwiga kwa kazi yako, mtazame Alphonce Simbu kwenye marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, Septemba 2025. Alikaa kwenye kundi kilomita zote zile, hakumfukuza aliyechomoka wala hakujionyesha, wakaingia uwanjani, na kwenye mita za mwisho kabisa ndipo alipofungua alichokuwa amekihifadhi. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha iamue. Bingwa wa dunia kwa sekunde sehemu 3 za mia. Mtu yule angetoka kwa pupa ingekuwa hadithi nyingine.

Hili la kutembea ndilo linalowauma watu roho. Simama siku moja barabara ya Manyovu uwaangalie vijana wanaoshusha ndizi mjini kwa baiskeli. Wakifika kwenye mpando wanashuka chini, wanasukuma. Sijawahi kumsikia mtu akisema yule kijana ameshindwa kazi. Anajua kwamba akikomaa na pedali atafika juu sekunde kadhaa mapema akiwa hafai kwa lolote, na mzigo bado una safari. Wewe mzigo wako ni mwili wako. Kwenye mpando mkali, mwendo wa mkimbiaji wa kawaida unashuka hadi karibu sawa na wa mtu anayetembea kwa nguvu, na kwa mwendo huo mdogo kutembea kunakula nguvu kidogo kuliko kurukaruka hatua fupi fupi za kukimbia. Fanya jaribio mwenyewe kwenye vilima vya Katonga: chagua kipande kikali cha dakika tatu, kipande kile kile, siku moja kimbia, siku nyingine tembea, mwili umeinama kidogo kutokea kiunoni, viganja vikisukuma mapaja juu ya goti. Linganisha saa, kisha linganisha inakuchukua muda gani kuweza kuongea tena. Wengi ninaowapeleka pale wanakuta tofauti ya sekunde chache, na tofauti kubwa ya pumzi.

Ila kuna kutembea kwa aina mbili, na hapo wenzako wana nusu ya ukweli. Kutembea kwa kuamua, ukiwa bado una pumzi, ni kazi. Kutembea kwa kushindwa, mikono kiunoni, ukitazama chini, ni matanga. Mwaka jana ulitembea baada ya kuishiwa, wakaona unatembea, wakadhani ndiyo sababu.

Utajuaje wakati wa kubadilisha? Achana na saa, sikiliza wimbo. Nyinyi wa jogingi mmejaliwa kipimo ambacho wengine wananunua: kuitikia. Kiongozi akianzisha wimbo nawe unaweza kuitikia kibwagizo chote bila kukatika, uko kwenye moto wa gogo. Ukiweza kusema maneno manne matano tu kisha lazima uvute hewa, umeshaanza kuchomeka mabua. Ukibaki na neno moja, "maji" au "subiri", uko mashindanoni. Kilomita 8 za kwanza uwe mtu wa kuitikia kibwagizo. Kwenye mpando mkali nakuruhusu maneno manne matano. Neno moja libaki la kilomita tatu za mwisho, na siku hiyo ukiwa vizuri.

Sasa nije kwenye mteremko, maana naona hapa ndipo ulipovunjikia kabisa, na hapa ndipo watu wa barabarani wanapodanganyika zaidi. Unafika juu, pumzi inarudi, miguu inajiendea yenyewe, unasema: hapa nafidia. Moyo unapumzika kweli. Mapaja hayapumziki. Rudi kwa kijana wa ndizi: akipanda anaumia mgongo na vigimbi, akishuka kinacholika ni breki, zikiisha anakanyagia kandambili kwenye tairi hadi inatoa moshi. Breki zako ni misuli ya mbele ya paja. Kila mguu unapotua kwenye mteremko, goti linataka kukunjika, na paja linalizuia. Msuli unavuta huku unarefushwa kwa nguvu, kama mtu anayeshusha ndoo iliyojaa kwa kamba: mikono inaizuia, kamba inamponyoka kidogo kidogo, viganja vinachubuka. Kazi ya namna hiyo haikuhemeshi, kwa hiyo hakuna kengele inayolia. Ndiyo inayochana nyuzi ndogo za msuli kuliko kazi nyingine yoyote ya mkimbiaji, ndiyo iliyokunyima ngazi kesho yake. Wengi husema ni "asidi" imeganda miguuni. Laktiki inaondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya mbio. Maumivu ya siku ya pili ni ya nyuzi zilizochanika.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa na miaka ishirini na kitu nilishuka mteremko mrefu upande wa Manyovu nikijiona swala, nikawapita watu kumi na zaidi, wengine watu wazima waliokuwa wakishuka kwa hatua za kuku. Tulipofika bondeni palikuwa na kilima kidogo, kitu cha mita 50, nikagundua kwamba sina miguu. Wale wazee wakanipita mmoja mmoja, mmoja akanipa pole kwa adabu iliyoniuma kuliko dhihaka. Asubuhi yake choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Nilishikilia mwimo wa mlango kwa mikono miwili, nikashuka kama ghorofa inayobomolewa, na kuinuka nilimwita mdogo wangu.

Hatua za kuku ndizo sahihi. Kwenye mteremko hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue karibu chini ya mwili wako, si mbele kabisa, maana mguu uliotangulia mbele ndio breki yenyewe. Goti lisiwe limenyooka. Macho yatangulie hatua tano sita, usitazame vidole. Usijirudishe nyuma kwa woga. Ukikalia visigino, kokoto za kiangazi zitakuteleza, na kule Agosti vumbi linafunika kokoto kama unga. Shuka ukiwa na uwezo wa kusimama ndani ya hatua tatu. Huo ndio mwendo wako, hata kama wanakupita.

Mazoezi ya mapaja hayahitaji fedha. Tafuta kibaraza cha kimo cha inchi nane, simama juu yake kwa mguu mmoja, shusha kisigino cha pili hadi chini ukihesabu moja, mbili, tatu, kisha panda. Mara nane kila mguu, mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki. Jumamosi, badala ya lami ya Mwanga hadi Ujiji, peleka kundi Katonga mshuke na kupanda. Anza na kidogo, dakika kumi za mteremko kwa jumla, uongeze wiki hadi wiki. Msuli una tabia nzuri: ukiuumiza kidogo kwa mteremko, ukapona, mara ya pili hauumii kama mara ya kwanza, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Mteremko wako mkubwa wa mwisho uwe siku kumi hadi kumi na nne kabla ya mbio, baada ya hapo ni tambarare tu. Na usije ukaamua kufanyia mazoezi ya milima Gombe kwa sababu boti za Kibirizi zinapita hapo. Kule ni hifadhi, watu wanatembea na mwongozaji, na mafua yako wewe ni hatari kwa sokwe.

Tumbo nitalipitia haraka kwa sababu ni tawi la mti uleule. Ukikimbia kwa nguvu nyingi, tumbo linanyimwa damu, chakula na maji vinakaa pale pale vikicheza. Ukaongeza maji kila kituo kwa sababu umeambiwa mwanariadha anywe sana, tumbo likarudisha. Ukishusha moto wa mwanzo, tumbo litafanya kazi. Kunywa kwa kiu. Kwa wengi inaangukia mililita 400 hadi 800 kwa saa, ila kiu yako ndiyo hakimu. Maji matupu kupita kiasi yanaizimua chumvi ya damu, na hilo likizidi linamlaza mtu hospitali kama ukame unavyomlaza. Anza kula kabla hujahisi njaa, dakika ya 35 au 40, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Vijiko viwili vikubwa vya asali ni zaidi ya 30, nasi tunaoletewa asali ya Tabora hatuna kisingizio. Iweke kwenye kichupa kidogo, chukua maji juu yake. Kiazi kitamu cha kuchemsha chenye chumvi kidogo kinafaa kwa anayechoka utamu. Chochote utakachochagua, kijaribu Jumamosi kwanza.

Kuna siku ambazo mwendo mzuri ni kutokwenda. Ukiwa na homa, au unamalizia dawa za malaria, baki nyumbani. Ukipata maumivu ya kifua, kuzimia au kutaka kuzimia ukiwa unakimbia, moyo kwenda mbio bila mpangilio, simama na uende kwa daktari siku hiyo hiyo. Kuchanganyikiwa, kichwa kuuma sana na kutapika baada ya kunywa maji mengi ni dharura, wenzako wasikupe maji zaidi. Goti linalouma upande mmoja au linalovimba, likikaa zaidi ya wiki mbili, linataka mkono wa mtu wa fiziotherapia, si maandishi yangu. Na mkojo wa rangi ya chai au soda nyeusi ukirudi, hata kama unajisikia unaweza kutembea hadi sokoni, panda bodaboda uende hospitali saa ile ile.

Vipimo vikitoka salama, Agosti tupange hivi. Pale kwenye mpando wa kwanza kundi litakukimbia. Litakuuma, maana wengine ni wale unaowaacha barabarani. Itikia wimbo, tembea palipo pakali, kula ndizi ya kwanza kabla ya dakika ya 40. Kilomita ya 8 nataka uifikie kwa saa 1 na dakika 20 hivi, dakika kumi na nane nyuma ya ulivyofanya mwaka jana. Mteremko wa kilomita ya 13 shuka kama kuku. Kuanzia kilomita ya 16 utaanza kuwakuta walioanza kwa akiba ya muda, wamekaa chini ya migomba wanajikanda mapaja. Wape pole, usisimame. Mpando wa mwisho ukikukuta bado unaweza kusema maneno matano, hapo ndipo nakukabidhi mabua yako yote uyachome unavyotaka.

Na saa ya mkononi usiitupe, ina kazi moja. Ukifika kilomita ya 8 ikasoma chini ya saa 1 na dakika 15, kaa kwenye jiwe, umenye ndizi ya pili, na usiinuke hadi umeimaliza.